Mashua Kuukuu: Dalili Iko Hapa, Chanzo Kiko Kule

Anayenunua mashua kuukuu pwani ya Tanga huwa ana mpango wake tayari: kubeba mizigo kwenda Pemba, kuvua maji ya kina, au kuijengea kijumba na vitanda viwili vitatu ili wageni walale humo wakizunguka Toten, Ulenge na Yambe. Mpango huo ndio unaomponza, maana humvuta aanze na vitanda. Seremala wa samani akiitwa kabla ya fundi wa vyombo, kabati hupigiliwa juu ya mataruma (mbavu za chombo) yaliyooza, na siku maji yakiingia hakuna awezaye kuufikia ubao wenye tundu mpaka kitanda kivunjwe.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta unayoiona, kisha fuata chanzo chake. Lakini liko swali linalotangulia yote, na wengi hawaliulizi: hutokea lini? Chombo kikiwa nangani, kikiwa na shehena, kikilazwa na upepo, injini ikiwaka, au baada ya mvua? Mtu akikwambia "inavuja" bado hajakwambia kitu. Akikwambia "inavuja tukitweka tanga tu, tukiwa safari ya kwenda, kurudi haivuji" amekuokolea kazi ya siku nzima.

Maji yanajaa ngamani

Ngama ni chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Kwanza yaonje maji hayo. Kama juu yake hakuna mafuta ya injini, chovya kidole uguse ulimi. Kijana mmoja pale Sahare, kopo la kufulia maji (kuyachota na kuyamwaga nje) mkononi, alimwendea fundi mzee: "Shikamoo mzee. Haya maji yanatoka wapi?" Mzee hata hakuinua kichwa kwenye tezo yake. "Marahaba. Yaonje kwanza, mwanangu, ndipo uniulize."

Maji chumvi yametoka baharini. Maji baridi yametoka angani au kwenye tangi lako la kunywa. Haya ya pili, ingawa huwa machache, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Chumvi husaidia kuhifadhi mbao. Kuvu wanaoozesha mbao hupenda unyevu wa maji baridi uliotuama mahali pasipopita hewa. Ndiyo maana utakuta mashua kuukuu ni nzima chini ya mstari wa maji lakini imeoza juu: kwenye ukingo, chini ya sitaha, kwenye vichwa vya mataruma. Wenye vyombo hupaka chini kila mara na kusahau kwamba masika hunyeshea juu. Ukipata maji baridi ngamani, usitafute tundu chini. Mwaga ndoo ya maji juu ya sitaha, sehemu moja baada ya nyingine, mwenzio akiwa ndani na tochi, na mwanzie upande wa chini ukipanda juu. Maji yanayodondokea tezi (nyuma) huenda yameingilia kwenye mlingoti na kutembea chini ya boriti urefu wote wa chombo.

Kama ni chumvi, fua ngama yote, pangusa kwa tambara, kisha nyunyiza unga wa chokaa kwenye mbao za ndani. Njia ya maji itajichora yenyewe. Sasa angalia saa.

Yakiingia usiku na mchana sawasawa, chombo kikiwa kimetulia nangani, tundu liko chini ya mstari wa maji na halihitaji mwendo wowote: mwanya wa kalafati (pamba ya kuziba kati ya mbao), tundu la msumari uliokwisha, njia ya mdudu, au bomba linalopita ubavuni. Yakiingia pale tu unapopakia, basi ni mbao zile ambazo chombo kitupu huziacha nje. Jua limezikausha na pamba yake imelegea. Hizi ndizo rahisi kutengeneza, na ndizo zinazozamisha watu, kwa sababu zinavuja siku ile ile ambayo chombo ni kizito.

Yakiingia chombo kikiwa kinakwenda kwa tanga na kulala upande mmoja, tazama upande ule uliolala na tazama hasa chini ya mlingoti. Tanga likivuta, mlingoti husukuma mkuku (uti wa chini wa chombo) kwenda chini na ukingo kuvutwa kwenda juu, na mbao za katikati hufunguka kidogo kisha hufunga tena ukishusha foromali (mti unaobeba tanga). Ukirudi pwani kutafuta, hutaona kitu. Dawa si pamba zaidi. Tazama kama fundo linaloshika mlingoti limeachana na mbavu za chombo.

Aina nyingine hujitokeza baada ya kupwelewa. Maji yakitoka, uzito wote unakaa juu ya mkuku, na ubao wa kwanza unaokutana na mkuku unasukumwa. Maji yakijaa tena, humo ndimo yanamoingilia, dakika chache kabla chombo hakijaelea. Ukiona hivyo, lala chini kwenye mchanga wakati wa kupwa, ingiza kisu chembamba kwenye kiungo hicho pande zote mbili. Kikizama bila kugusa pamba, umepata. Angalia pia ulivyotia magadi (magogo ya kuegemezea chombo): chombo kilichoegemezwa upande mmoja kila mara huharibika upande huo.

Injini ikiwaka tu ndipo maji yanaingia? Hilo limo kwenye sehemu ya injini huko chini.

Imeshuliwa (imeteremshwa majini) leo na inajaa kama haina chini

Hapa usiguse kitu kwanza. Mashua iliyokaa juu miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, jua likiipiga, mbao zake zimesinyaa upana. Utaona mwanga kati yake. Zikirudi majini huvimba na kufunga zenyewe, siku mbili tatu, pengine wiki. Kosa kubwa hufanyika kabla ya kushua: fundi mwenye haraka anajaza mianya ile mipana kwa pamba iliyogongwa mpaka inakuwa ngumu, anafunika na kitu kisichobonyea. Mbao zikivimba hazina pa kwenda. Zinachofanya ni kuvunja mataruma au kuchomoa misumari, na hapo umetengeneza uharibifu uliokuwa haupo.

Chombo kikavu kikalafatiwe kwa pamba laini iliyolowekwa mafuta, igongwe kwa wastani kwa patasi butu, na juu ifunikwe na kitu kinachobonyea. Siku chache kabla ya kushua, tandika magunia na uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, ndani na nje. Kisha kishue mahali penye mchanga ambapo kitakaa chini maji yakipwa. Kikijaa, kimejaa, hakitazama mbali, na kupwa kunakofuata utakifua. Wiki ikipita na bado kinaingiza kiasi kile kile, ukavu si sababu tena. Rudi juu uanze na chokaa.

Kazi za chini ya mkuku zipangie mwezi. Bamvua ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu hapa Tanga hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita tatu, kwa hiyo unaweza kukipandisha chombo juu sana na kupata saa za kutosha za kufanya kazi mahali pakavu. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, hayakupi nafasi hiyo. Na ukikipandisha kwenye kilele cha bamvua, hakikisha kazi yako itakwisha kabla bamvua inayofuata haijapita, la sivyo utakaa na chombo juu ukingoja mwezi.

Kalafati inatema pamba

Umekalafati vizuri, mwezi mmoja tu, pamba inaning'inia nje. Watu humlaumu fundi. Mara nyingi fundi hana kosa: mbao zinatembea. Pamba haiwezi kushika mbao mbili ambazo zenyewe hazijashikwa na taruma.

Tazama vichwa vya misumari. Msitari mweusi wa kutu unaoteremka chini ya kila kichwa, rangi ikiwa imevimba duara, ni dalili ya msumari mgonjwa. Ng'oa mmoja tu, popote penye dalili hiyo. Kichwa kitakuwa kizima na ncha itakuwa nzima, lakini pale ubao unapokutana na taruma msumari umeliwa na kuwa mwembamba kama kiuno cha nyigu. Ukiuvuta kwa koleo utakatika hapo hapo. Mbao iliyouzunguka itakuwa nyeusi, laini, na ukiifinya inatoa unga wenye unyevu. Kutu haili chuma peke yake, inachoma na mbao.

Kupiga msumari mpya kwenye tundu lile lile ni kazi bure. Toboa tundu jipya kwa keekee au drili, kando, mahali penye mbao nzima, na ziba lile la zamani kwa kijiti cha mbao kilichopakwa mafuta. Tumia misumari mizito iliyochovywa zinki. Ile iliyong'arishwa tu, inayouzwa kwa ajili ya mapaa, kwenye maji ya chumvi haifiki mbali. Na usichanganye: bolti za shaba karibu na misumari ya chuma, zote zikiwa kwenye mbao zilizolowa chumvi, ni kuamuru chuma kiliwe. Uwe na aina moja chombo kizima, hata kama ni ile ya bei nafuu.

Kama misumari ni mizima, basi taruma limevunjika. Pitisha mkono nyuma ya kila taruma, hasa pale linapopinda kutoka mkuku kwenda ubavuni. Ufa wa taruma huwa mwembamba na umejaa uchafu, macho hayauoni lakini ukucha unaukamata. Ukitia taruma jipya, lichongwe kwenye tawi lililopinda lenyewe porini. Taruma lililokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka lina nyuzi fupi kwenye pindo, nalo litapasuka hapo hapo lilipopasuka lile la kwanza. Mlilana, aina ya mkoko, hutoa mapindo mazuri na mafundi wa siku nyingi wanaupenda, lakini mikoko haikatwi bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nenda na kibali au nunua kwa mwenye nacho. Kwa mbao za ubavuni, mtondoo na mvule ndizo za kutafuta. Msaji (mtiki) wa Longuza, kule Muheza, uko karibu nasi kuliko watu wengi wa pwani walivyo na habari.

Ubao unabonyea

Gonga kwa kitako cha nyundo chombo kizima, kutoka omo (mbele) hadi tezi. Mbao nzima hulia. Iliyoharibika hutoa sauti ya dafu lisilo na maji. Kisha choma kwa ncha ya kisu.

Ikiwa laini juu, karibu na sitaha, na inakatika vipande vya mraba mraba, ni kuoza. Kata mpaka ufikie mbao safi na uendelee kidogo mbele ya hapo, kwa sababu kuvu hutangulia rangi yake. Halafu zuia maji ya mvua yaliyosababisha, la sivyo utakata tena.

Ikiwa chini ya maji, na kwa nje hakuna kitu ila vitundu kama vya sindano, usifarijike. Hao ni wadudu wa bahari wanaobungua mbao. Kwa kweli ni jamaa wa chaza mwenye mwili mrefu wa mnyoo. Huingia akiwa mdogo asiyeonekana, na hukulia humo ndani. Mlango wake hauzidi milimita moja au mbili na njia yake ndani inaweza kuwa nene kama kidole, imepakwa chokaa nyeupe laini. Kata kipande chembamba cha ubao huo ukitazame kwa ubavu: ukiona mirija, ubao umekwisha, hata kama uso wake unapendeza. Hakuna dawa ya kupaka inayorudisha mbao iliyokwenda.

Ila unaweza kumuua aliyebaki. Kiweke chombo juu kikauke wiki kadhaa, au kipeleke mtoni juu sana ambako hata bamvua haileti chumvi, ukiache huko. Wazee walipitisha moto wa makuti chini ya mashua kila walipoipandisha, wakisafisha na kuunguza, kisha wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Kazi nzuri, mradi moto utembee usitulie. Siku hizi kuna rangi za kuzuia viumbe. Chochote utakachopaka, kinachoulinda ubao ni kutokuwa na mwanya: mkwaruzo mmoja wa nanga uliofika kwenye mbao unatosha. Kagua hasa chini ya mkuku na nyuma ya usukani, mahali brashi huwa haifiki.

Faibaglasi inabanduka, saruji ngamani inapasuka

Hizi ni dalili za mwenye chombo aliyekutangulia. Alichoka kuvuja akafunika. Faibaglasi juu ya mbao mpya kavu za mtumbwi mdogo inaweza kukaa. Juu ya mashua kuukuu ya mbao zilizopigiliwa misumari, mbao hupanuka na kusinyaa, ganda haliendi nazo, maji yanaingia katikati na hayatoki. Gonga, panaposikika pakavu na patupu pamebanduka. Bandua yote, usitie kiraka.

Saruji iliyomwagwa kati ya mataruma ni mbaya zaidi kwa sababu inaficha kiungo kile cha mkuku unachohitaji kukiona kuliko vyote. Kabla ya kununua mashua yenye saruji ndani, mwambie muuzaji avunje sehemu moja. Akikataa, jibu unalo.

Milango ya kabati haifungi

Dalili hii inachekesha mafundi wa samani. Mlango ulifunga vizuri chombo kikiwa juu ya mchanga. Kimeshuliwa, mlango unagoma. Hapo seremala anatoa randa anaparuza mlango. Usimruhusu bado.

Chombo cha mbao hubadili umbo kati ya nchi kavu na majini. Kwa hiyo samani zote zifungwe kwa namna inayoacha nafasi, zishikwe kwenye boriti chache, na zisikaze taruma kwa taruma. Kama seremala ametumia kabati kama ukuta wa nyumba, mlango utagoma kila siku kwa namna yake na hatimaye kitakachopasuka ni mbao ya ubavuni.

Lakini kama milango inaendelea kugoma zaidi mwezi hadi mwezi, chombo kinapinda mgongo. Omo na tezi zimeshuka, katikati pamebaki juu. Simama mbali, kikiwa juu, utazame mstari wa ukingo; kisha vuta uzi chini ya mkuku kutoka mwisho hadi mwisho na upime nafasi katikati. Rudia baada ya mwezi. Nafasi ikikua, tafuta uzito uliokaa mwisho wa chombo: injini tezi, mnyororo na nanga mbili omo, tangi la maji chini ya kitanda cha mbele. Katikati, ambako maji hubeba zaidi, umeacha sebule tupu. Hamisha uzito kwanza. Mkuku wa zamani hauvutwi ukanyooka kwa siku moja, na anayeahidi hivyo kwa jeki atakuvunjia.

Kinalala upande, au kinayumba polepole

Kulala upande kikiwa kimetulia ni hesabu tu: lita 200 za maji ni kilo 200, na kama pipa liko kushoto na betri pia ziko kushoto, kitalala kushoto. Kabla ya kulaumu mbao, chora mahali kila kitu kizito kilipo.

Kuyumba polepole ndiko kunakotisha, na kwa bahati mbaya ndiko abiria wanakokupenda, kwa kuwa kunabembeleza. Mashua ilijengwa kubeba shehena chini. Ukiondoa shehena, ukajenga kijumba juu, ukaweka paa la kukalia na sola juu ya paa, umeng'oa uzito chini na kuupandisha. Chombo kikilala kinachelewa kurudi.

Jaribu pasipo mawimbi, kamba zimelegezwa. Sukuma ukingo mpaka kiyumbe, kisha uhesabu sekunde za yumbo zima, kwenda na kurudi. Hesabu kadhaa uchukue wastani. Kipimo wanachotumia mabaharia wa vyombo vidogo: sekunde zisizidi upana wa chombo kwa mita. Mashua yenye upana wa mita 3 ikitumia sekunde 5, usipakie mtu.

Rudisha farumi chini, mawe au mifuko ya mchanga, karibu na mkuku, na uifunge. Farumi inayotembea ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Tangi kubwa pana liwe limejaa kabisa au tupu kabisa, au ligawanywe ndani, maana maji ya nusu tangi hukimbilia upande uliolala. Na paa la kukalia liondoe. Najua ndilo linalovutia wageni kwenye picha. TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) wakija kukagua watataka kujua idadi ya watu na maboya ya kujiokolea. Lakini wao hawatakuwepo siku watu kumi na wawili watakapohamia upande mmoja kutazama pomboo.

Injini

Inazima baharini, bandarini inawaka vizuri. Mawimbi yamekoroga uchafu wa chini ya tangi. Toa dizeli kutoka sehemu ya chini kabisa, itie kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yatakaa chini, uchafu juu ya maji. Safisha tangi, badilisha filta, toa hewa kwenye mfumo. Kubadilisha filta bila kusafisha tangi ni kununua filta nyingine wiki ijayo.

Inapata moto. Kabla ya kufungua chochote tazama nyuma: maji yanatoka na moshi? Kama hayatoki au ni kidogo, anza nje, kwenye mlango wa maji, mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mwani. Kisha mpira wa pampu, ule wenye mabawa. Bawa lililokatika litafute, limekwama mbele kwenye bomba.

Inatetemesha chombo kizima. Shafti haijanyooka na gia. Fungua bolti za kapilingi (kiungo cha shafti na gia), pima nafasi kati ya nyuso zake kwa fila (bapa nyembamba za kupimia mwanya), juu, chini, kushoto, kulia. Tofauti isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za upana wa kapilingi. Kipimo hiki kifanyike majini, siku kadhaa baada ya kushua, kwa sababu ile ile ya milango ya kabati. Fundi anayenyoosha shafti chombo kikiwa mchangani anakunyooshea mchanga.

Maji yanaingia ikiwaka: shika kitambaa kavu kwenye boksi la pakingi, pale shafti inapotokea nje ya chombo. Matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ni kawaida kwa pakingi za zamani, ndiyo yanayoipoza. Ukikaza mpaka pakauke utachoma shafti. Mkondo ndio tatizo. Hakuna mkondo? Fuata mpira wa maji ya kupoza hadi kwenye bomba la moshi, ukipapasa kila klipu kwa chini.

Moshi mweusi kwenye chombo mara nyingi si ugonjwa wa injini: propela ni kubwa mno, au chini kumeota chaza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto, angalia nozeli, na uangalie kama maji yanapungua.

Umeme

Taa zikififia, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye taa yenyewe ikiwa inawaka. Betri ina 12.6 na taa inapata 11? Betri haina kosa, waya ni mwembamba au kiungo kimeshika kutu. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtetemo. Tumia wa nyuzi nyingi, na viungo vikae juu, mbali na ngama. Betri ya asidi ikipumzika na kuonyesha 12.2 imebaki karibu nusu, usiishushe zaidi ya hapo.

Pampu ya ngama inafanya kazi lakini maji hayapungui: nenda nje ukatazame mdomo wa bomba. Ukiwa karibu na mstari wa maji, chombo kikilala kidogo bahari inarudi ndani kwa bomba lile lile pampu ikizima. Upandishe. Choo kinachojaa chenyewe usiku kina ugonjwa huo huo. Bomba lake lipande juu ya mstari wa maji lipindie huko, na pale juu pawe na tundu la hewa.

Bolti inang'aa lakini mbao iliyoizunguka imekuwa nyeupe, ya nyuzinyuzi, kama nywele zilizolowa. Huko si kuoza. Ni umeme kidogo unaotembea, ama kutoka waya wa pampu uliolala kwenye maji ya ngama, ama kutokana na zinki nyingi (vipande vya kukinga chuma kisiliwe) zilizounganishwa na kila chuma kilichomo. Magadi (alkali) yanayozalishwa hapo hula mbao. Tafuta waya, punguza zinki.

Harufu

Ya ukungu kwenye magodoro: hewa haina pa kutokea. Toboa matundu juu na chini ya kila kabati na chini ya kila kitanda. Tundu moja halitoshi.

Ya gesi ya kupikia au petroli: zote ni nzito kuliko hewa, zinashuka ngamani na kukaa. Kunusa ukiwa umesimama hakutoshi, inama. Ukinusa, usiwashe wala usizime swichi yoyote, pamoja na pampu ya ngama. Funga mtungi, toa watu, fungua kila kifuniko, na uipungie hewa kutoka chini kwa tambara au tanga. Kisha hamishia mtungi juu ya sitaha, kwenye sanduku lenye tundu chini linalotokea nje ya ubavu, na paka viungo vya mpira maji ya sabuni utafute mapovu kabla hujapika tena.